Nyumba Iliyonukia Mvua

Juma lililopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule amelowa chepechepe. Akaivua sweta yake, akaitundika kwenye mgongo wa kiti karibu na jiko la makaa, akaenda zake kutafuta chai. Baada ya dakika chache nyumba nzima ilijaa ile harufu. Mnaijua: sufi iliyolowa inayoanza kupata joto, jasho la majuzi likiamka, na chini yake kitu kama kondoo aliyekufa jana. Nilifungua madirisha yote mawili. Mjukuu wangu alicheka, akasema yeye hasikii kitu. Mimi niliisikia mpaka kooni, na papo hapo nikawa kijijini Nyansiongo tena, nina miaka tisa, nimesimama katika tope lililofika magotini.

Nianze na jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisikia. Niliichukia mvua. Wageni wakifika Kisii na Nyamira husifu kijani cha vilima, migomba, majani ya chai yanayong'aa, nao hutushukuru kana kwamba tumevipaka rangi wenyewe. Mimi huitikia kwa heshima. Moyoni nawaza kwamba hawajawahi kusafisha zizi mwezi wa nne.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mlinzi katika mashamba ya chai upande wa Kericho, nami niliishi naye huko miaka mitatu. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi, zenye sakafu ya saruji na njia za kokoto, nikacheza na watoto wa kila kabila mpaka Kiswahili kikanikaa ulimini kuliko Kikisii. Kule pia mvua ilinyesha, lakini ilinyesha nje. Ilikaa nje. Kisha, miaka michache baada ya Uhuru, Tata akapata kipande cha ardhi Nyansiongo, palipokuwa shamba la mzungu. Yeye alibaki kazini, akawa anakuja mwisho wa mwezi, na mimi nikarudishwa nyumbani nikamsaidie mama na nyanya, ambaye sisi tulimwita Magokoro.

Hapo ndipo mvua ilipoingia ndani ya maisha yangu. Asubuhi jua lilitoka likiwa limechoka. Saa sita mawingu yalianza kukaa juu ya vilima, na saa nane au saa tisa yakajimwaga. Zizi letu lilikuwa mteremkoni, juu kidogo ya nyumba, kwa hiyo mvua ilipolijaza, uji wa kijani wa samadi na mkojo ulishuka taratibu, ukapita mbele ya mlango wa Magokoro, ukazunguka jikoni, ukaenda kutuama palepale nilipotakiwa kupita nikibeba maziwa kwenda barabarani. Choo cha shimo kilijaa maji, na funza weupe wakapanda kwenye magogo kutafuta pakavu. Makoa yalijibandika kwenye sufuria tulizoacha nje. Blanketi ziliota ukungu. Katikati ya vidole vyangu vya miguu ngozi iligeuka nyeupe kama ugali usioiva, ikabanduka, na nilipoinusa, kwa maana mtoto hunusa kila kitu, nilikaribia kutapika. Kazi yangu wakati wa kukamua ilikuwa kumshika ng'ombe mkia. Siku moja uliniponyoka, ukanichapa mdomoni ukiwa umejaa tope na mengineyo, nami nilikuwa nimefungua mdomo nikiimba. Sikuimba tena zizini.

Mama alinicheka. Aliniambia nimeharibiwa na saruji.

Katika mvua hizo ndipo Ami Makori, mdogo wake Tata, alipomleta mke. Ami alikuwa dereva wa greda, akichonga barabara huko Ukambani, na huko ndiko alikompata Mumbua, binti wa Kitui. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya na sauti ya chini, na tayari alikuwa na mimba ya miezi sita. Ami alimfikisha, akala, akalala siku mbili, akarudi kwenye greda yake. Mkewe alimwacha kwa Magokoro ili mtoto azaliwe nyumbani.

Kulikuwa na shida moja. Anti Mumbua hakujua Kikisii, na Magokoro hakujua neno la Kiswahili zaidi ya jambo. Mama yangu alijua salamu na majina ya dawa za ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili, kwa hiyo nilipewa kazi nyingine, na hii niliipenda, kwa kuwa ilifanyika nimekaa kwenye kigoda karibu na moto, miguu ikiwa mikavu. Magokoro akisema, namwambia Anti. Anti akijibu, namwambia Magokoro. Watu wazima wawili walinyamaza wakinisubiri. Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu wetu.

Mwanzoni tulikwenda vizuri, tukacheka pia. Kwa Kikisii mama huitwa Baba. Siku ya kwanza Anti alinisikia nikiita, "Baba! Baba!" akajifunga leso vizuri, akakaa wima kumpokea shemeji, na aliyetokea mlangoni alikuwa mama yangu na ndoo ya maziwa. Nilipomweleza Magokoro, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo yake. Akamkatia Anti kipande kikubwa cha obokima, ugali wetu wa wimbi, akamsogezea mboga. Kila mtu aliona kwamba amempenda.

Kisha, baada ya siku chache za manyunyu tu, ikanyesha mvua ya kweli, ya kwanza tangu Anti afike.

Sisi sote tulikimbilia ndani. Yeye alitoka. Alisimama uani, tumbo mbele, kichwa amekirudisha nyuma, akaiacha imlowanishe mpaka nguo ikamgandia mwilini. Nilimtazama kutoka mlangoni nikidhani ameugua. Baadaye alisogea chini ya ukingo wa paa. Nyumba ya Magokoro ilikuwa ya msonge, yenye nyasi zilizoshika moshi, na maji yaliyotiririka kutoka kwenye nyasi hizo yalikuwa na rangi ya chai, rangi ya masizi, ya uozo na mavi ya mijusi. Anti alikinga viganja viwili, akayanywa. Akakinga tena, akanywa tena, macho ameyafumba. Mimi nikageuza uso.

Alipoingia, mvuke ulimtoka kama ng'ombe. Alikaa karibu na moto, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Ndani ya nyumba ile alilala ndama, na mkojo wake ulikuwa umeingia sakafuni siku nyingi. Kulikuwa na moshi wa kuni mbichi, nyasi zilizolowa, ngozi ya kondoo aliyoikalia Magokoro. Kwangu mimi hapakuwa na mahali pachafu zaidi duniani, isipokuwa chooni. Anti alinigeukia akitabasamu, mwanya wake wote nje.

"Mwambie mama nyumba yake inanukia mvua," alisema, akimwonyesha Magokoro kwa kidevu. "Mwambie tangu nizaliwe sijalala mahali panaponukia hivi."

Ningependa kuwaambia kwamba sikusikia vizuri. Anayejua Kiswahili anajua kwamba kati ya kunuka na kunukia pana kijisauti kimoja tu, na mtoto anaweza kukidondosha kwa bahati mbaya. Mimi sikukidondosha. Nilikisikia, na nikakikataa. Nilimtazama yule mwanamke aliyelowa, midomo yake ikiwa bado na unyevu wa maji ya masizi, nikaona kwamba anasema uongo. Hakuna mtu anayeweza kuipenda harufu ile. Nikageukia upande wa Magokoro, nikachagua neno la Kikisii tunalolitumia kwa mnyama aliyekufa akakaa.

"Anasema nyumba yako inanuka," nilisema. "Anasema tangu azaliwe hajalala mahali panaponuka hivi."

 Magokoro alichochea moto, ingawa haukuhitaji kuchochewa. Anti aliendelea kutabasamu, akingoja jibu lake, na lilipochelewa aliniuliza mama amesema nini. Nikamwambia mama amechoka.

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta Magokoro amemtoa ndama nje. Alikuwa amechimbua sakafu, ameitandaza upya kwa udongo na samadi mbichi, ameifagia mpaka pembeni kabisa, na ngozi ya kondoo ameianika kwenye ua ambako isingekauka kamwe. Mama alimwuliza kulikoni, akasema mtu huchoka kuishi kama mnyama. Nilipopeleka kuni, nilimwona kupitia mlangoni. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa ameshika blanketi lake kwa mikono miwili, ameliinua usoni, ananusa. Akainua upande mwingine, akanusa. Kisha akashika mkono wake mwenyewe, akainusa ngozi ya kiwiko.

Hilo ndilo lililopaswa kunifanya niseme. Sikusema. Niliweka kuni chini polepole, nikaondoka.

Siku tatu baadaye alimhamishia Anti kwenye stoo ya pareto, tulimokausha maua hayo ya dawa ya wadudu kabla ya kuyauza. Alinituma nimwambie kwamba huko pana nafasi na hewa. Nilimwambia. Stoo ile ilikuwa ya mbao, maua ya pareto yaliyokosa jua yalikuwa yameanza kuoza kwenye trei, na harufu yake kali iliwasha macho. Anti alilala humo bila kulalamika. Chakula alipelekewa nami. Kipande cha obokima kilikuwa kidogo kila siku, na hapakuwa na maneno ya kupeleka wala ya kurudisha, kwa hiyo kazi yangu karibu na moto ilikwisha, nikarudishwa zizini na koleo.

Siku moja nilipompelekea mboga alinishika mkono. Aliniuliza amemkosea nini mama. Alisema kama ni kabila lake, aambiwe. Kama ni kwamba hajui kukamua ng'ombe wa gredi, hawa wa kizungu wa maziwa mengi, atajifunza. Nilimjibu kwamba sijui. Mkono wake ulikuwa na joto, wangu ulikuwa na samadi, nami niliuvuta, nikijiambia kwamba ninamwonea haya kwa uchafu wangu.

Wiki ya tatu tangu afike, mchana, mawingu yakiwa yameshakaa juu ya vilima, nilimwona akitoka stoo na kikapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa kwao. Alikuwa anaondoka. Mama yangu alikuwa shambani kwenye pareto, mbali. Magokoro alikuwa mlangoni pake, alimwona, akabaki palepale. Anti alimwinamia kwa heshima, akashika njia ya kwenda barabarani, ile inayopita chini ya zizi.

Mvua ilimkuta hapohapo. Ilikuja mara moja, kama mtu aliyemwaga karai, na uji wa kijani ukaanza kushuka. Nilimwona akiteleza, mguu mmoja, kisha yote miwili. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa tu, polepole, katikati ya tope lile, kikapu kikamtoka, nguo zake zikaelea.

Nilikimbia. Nilipomfikia nilisimama. Nisiwadanganye: nilisimama, kwa sababu ili kumwinua ilinibidi niingize mikono miwili, mpaka viwiko, katika kitu nilichokichukia kuliko vyote. Nilihesabu funza wawili. Mwanamke mwenye mimba ya karibu miezi saba alikuwa amekaa ndani yake, nami nikawa natazama funza. Magokoro alinipita. Sijui alivyofika, mzee yule, bila fimbo. Alipiga magoti kwenye uji ule kana kwamba ni majani, akamshika tumbo kwa viganja vyote viwili, akasikiliza.

Mtoto alikuwa anacheza. Nilijua kwa uso wa Magokoro.

Anti alikuwa analia na huku amefunua viganja, mvua ikivijaza na kuviosha. Alisema neno moja kwa lugha yake, si kwangu wala kwa yeyote.

"Mbua."

Magokoro aliinua kichwa. "Embura?" akauliza.

"Mbua," alisema Anti, akionyesha juu.

"Embura," alisema Magokoro, naye akionyesha juu.

Wakatazamana. Magokoro akafanya jambo ambalo bado naliona. Alinyoosha kidole kuelekea nyumba yake, akaziba pua, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga mzoga, kisha akaelekeza kidole kifuani kwa Anti na kuinua nyusi. Anti hakuelewa mara moja. Alipoelewa, macho yalimtoka. Akatikisa kichwa mara nyingi. Akauondoa mkono wa Magokoro kwenye ile pua, akageuka kuelekea nyumba, akavuta pumzi ndefu, ndefu, akiwa amefumba macho, akaweka mkono kifuani.

Magokoro alinigeukia. Aliniuliza bila kupaza sauti siku ile Anti alisema nini hasa. Nikamwambia, neno kwa neno, mvua ikiniingia mdomoni. Nilitegemea kofi, na kofi lingenifaa. Alisimama, akampitishia Anti mkono chini ya kwapa, akamwinua.

"Nenda kamfungie ndama," aliniambia. "Leo hatukuhitaji."

Hawakunihitaji tena. Anti alirudi kwenye nyumba ya msonge, na ndama naye akarudi. Nilizoea kuwasikia jioni nikipita na kuni: Magokoro anashika kijiko, anasema jina lake, Anti analisema kwa Kikamba, wote wawili wanacheka wakikosea. Nikiingia wananyamaza kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyonyamaza mgeni akifika. Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, wa kike, mzima. Ami alikuja, akafurahi, hakuambiwa lolote. Mama yangu pia hakuambiwa. Adhabu yangu ilikuwa hiyo tu, nayo ilidumu mpaka Ami alipowachukua mke na mtoto kwenda nao Ukambani.

Nilikwenda kuwatembelea Kitui mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati wa likizo, nikiwa mwalimu kijana. Magokoro alikuwa ameshafariki. Mvua zilikuwa zimekosekana kule misimu miwili. Mimi sikujua maana ya maneno hayo. Nilijua tu kwamba nililala kwenye blanketi kavu, nikaamka na viatu safi, nikatoka nje asubuhi nikaona anga la buluu bila doa, kutoka mwisho mmoja wa dunia mpaka mwingine, na hewa haikuwa na harufu ya kitu chochote kilicholowa. Nilisimama pale nikafurahi kama mtoto. Nilimwambia Anti Mumbua kwamba sijawahi kuona asubuhi nzuri kama ile, na kwamba nitamwambia mama yake, bibi kizee aliyekaa mlangoni akiitazama mbingu hiyohiyo.

Anti alikuwa anafunga mtungi tayari kwenda kuchimba maji mchangani. 

"Usimwambie mama hivyo," alisema. "Ng'ombe watano wamekufa mwezi huu."

Ndipo nilipomtazama vizuri yule bibi kizee. Aliliangalia anga lile kama nilivyokuwa nikiuangalia uji wa zizini. Midomo yake ilikuwa imekunjwa. Alitema mate pembeni, akaingia ndani.

Njiani kwenda mtoni nilijaribu kumwomba Anti msamaha kwa ile siku. Alisema alijua zamani, Magokoro alimsimulia mara tu walipopata maneno ya kutosha. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunigombeza. Alisema walizungumza juu yangu, yeye na mama mkwe wake, na Magokoro akasema mtoto yule hakutaka kuwagombanisha, alidhani kila mtu ana pua kama yake. Kisha akaniambia nishike mtungi vizuri.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Sikukosea kuchukia matope. Yalikuwa machafu kweli, na uji ule ulinuka kweli. Kosa langu ni kwamba mtu aliniambia anaona uzuri mahali ambapo mimi siuoni, nikamwita mwongo moyoni, kisha nikayachukua maneno yake, nikayachafua kwa mikono yangu, nikampelekea mzee aliyempenda. Nikikumbuka Magokoro akinusa kiwiko chake, kinyaa kinachonipanda si cha zizi.

Mvua bado siipendi, na sidhani nitaipenda sasa. Lakini mtu akiniambia ni nzuri, simbishii. Namwuliza kwao ni wapi, kisha nanyamaza nimsikilize mpaka amalize.